Mtoto wa Pili, Nani Anambeba?

Katika vijitabu vya namna hii tumezoea kuandika juu ya ndoa, mahari, matanga na majina ya ukoo. Safari hii tunaleta jambo linaloonekana dogo, la wamama tu, wengine watasema. Ni swali la mama mwenye watoto wawili wadogo: mmoja bado hajatembea, mwingine anatembea lakini anachoka upesi. Akitoka nyumbani, anawabeba namna gani?

Swali hili limetufikia kwa simu. Vita ya 1996 ilipoanza, watu wengi wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Kigoma, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka ule ule. Wengine walirudi kuanzia 2005, meli zikawashusha Baraka. Wengine hawakurudi: walipelekwa mbele, Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, na huko wanazaa. Dada akipata mtoto wa pili kabla wa kwanza hajakomaa miguu, anapigia watu wa nyumbani, anaeleza kwamba anatafuta kigari cha watoto wawili, kile chepesi, naye hajui achague kipi. Simu inawekwa kwa sauti kubwa, kila mtu anasikia, na hapo ndipo mabishano yanaanza hapa Mboko.

Kundi la kwanza linasema: "Mnaona? Wenzetu wameendelea. Sisi tuko bado na kitenge mgongoni, kama watu wa zamani. Kubeba mgongoni ni umaskini tu." Kundi la pili linajibu: "Hapana. Kigari ni kumtupa mtoto. Mtoto wa kwetu analelewa mgongoni, anasikia moyo wa mama yake. Wale wa Ulaya wameshapotea."

Sisi tunasema makundi yote mawili yanapiga kelele nje ya nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtu hawamwoni. Tutamfikia huyo mtu. Lakini kwanza tujibu kila kundi, maana kila moja limeshika kipande cha ukweli.

Kwa wale wanaosema mgongo ni umaskini

Mnaosifu kigari, ulizeni kilitoka wapi. Kinachojulikana sana katika historia ni kile cha Uingereza, mwaka 1733, kilichochorwa na William Kent kwa watoto wa tajiri mmoja mkubwa, Duke of Devonshire. Kilivutwa na mbuzi au farasi mdogo. Kilikuwa mchezo wa watoto wa jumba kubwa lenye bustani, na mama yao hakuwa na haja ya kwenda kuteka maji. Wala hakikutengenezwa kwa kuwa mgongo umeshindwa.

Tena ulizeni wazungu wenyewe walifanya nini baadaye. Katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja wa watoto, Ann Moore wa Marekani, alikwenda Togo kufanya kazi ya kujitolea. Akaona wamama wa Togo wamefunga watoto mgongoni, watoto wametulia, hawalii ovyo. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake, akataka kumbeba vile vile, na mama yake mzazi akamsaidia kushona mfuko wa kumfungia. Mwaka 1969 wakapata hati ya serkali ya kulinda uvumbuzi wao. Mfuko ule uliitwa Snugli, ukauzwa kwa wingi. Kumbe kitu mnachokionea haya, mwingine alikipeleka Marekani akakifanya biashara!

Sayansi nayo imesema. Mwaka 1986 waganga wawili wa Montreal, Hunziker na Barr, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliomba wamama wa kundi moja wabebe watoto wachanga muda wa saa kadhaa zaidi kila siku, hata kama mtoto halii. Watoto wa kundi lile, walipofikia wiki 6, walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Na kule Bogotá, nchi ya Kolombia, tangu mwisho wa miaka ya 1970, mganga Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez walianza kuwafunga watoto waliozaliwa kabla ya wakati kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, sababu hospitali yao ilikosa mashine za joto za kutosha. Leo OMS inashauri njia ile kwa watoto waliozaliwa wadogo, hata mahali ambako mashine ziko.

Kisha tazameni barabara yetu. Kigari kina magurudumu madogo ya plastiki. Kinapenda lami na sakafu. Hapa Mboko mama anatoka mchangani kando ya ziwa, anakata barabara ya vumbi ambayo wakati wa mvua ni matope, anavuka kijito, anapanda mlima kwenda shamba la mihogo. Kichwani ameweka beseni au bidoni. Huyo mumpe kigari asukume kwa mkono gani? Akipanda moto kwenda Baraka, kigari kinakaa wapi? Kwa njia zetu, kitenge ndicho kigari chepesi kuliko vyote: kinakunjwa, kinafuliwa, kinafunika mtoto jua na mvua, na usiku kinageuka shuka.

Basi tusidanganyane. Mgongo si umaskini, ni ufundi.

Kwa wale wanaosema kigari ni kumtupa mtoto

Na ninyi mnaolaani kigari, mnajua maisha ya yule dada wa Marekani? Hapa akitoka, ukoo mzima uko karibu. Kule anaishi ghorofani, bwana yuko kazini zamu ya usiku, jirani hajui hata jina lake. Anapaswa kumpeleka mkubwa shule ya watoto, kupita kwa mganga na mdogo, kununua chakula, kurudi kabla ya zamu yake mwenyewe. Ana mgongo mmoja tu. Mnataka mtoto wa pili amweke wapi?

Hata kigari chepesi chenyewe kilizaliwa kwa huruma ya ukoo. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege Mwingereza. Wakati wa vita ya pili ya dunia alishughulika na magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita ziitwazo Spitfire. Alipostaafu, binti yake alikuja kumtembelea kutoka Moscow na mtoto mdogo, akiteseka na kigari kizito kisichokunjika. Mzee akachukua ujuzi wake wa vyuma vyepesi vya ndege, akatengeneza kigari kinachokunjika kama mwavuli, chini ya kilo 3. Akakiandikisha mwaka 1965. Babu aliona mzigo wa binti yake, akaupunguza. Mila gani ya kwetu inakataa jambo hilo?

Kwa hiyo dada akituuliza, tusimcheke. Tumjibu kama watu waliofikiri. Tungemwambia hivi:

Uzito: neno "chepesi" linadanganya. Kigari cha watoto wawili kinachoitwa chepesi mara nyingi kinakaribia kilo 10, na vingine vinazidi. Weka juu yake mtoto wa mwaka mmoja, kama kilo 9, na wa miaka mitatu, kama kilo 14: umeshafika kilo 33. Kwenye njia tambarare hizo kilo hazisemi kitu. Kwenye ngazi za nyumba isiyo na lifti zitasema sana.

Umbo: viko vya ubavu kwa ubavu na vya mmoja mbele, mmoja nyuma. Cha ubavu ni rahisi kugeuza, watoto wanaonana, na mara nyingi ndicho chepesi zaidi. Lakini kinakaribia sentimeta 75 kwa upana, na mlango mwembamba utakikataa. Cha mbele na nyuma kinapita milango mingi, ila ni kirefu, na kukipandisha kwenye ukingo wa barabara kunachosha. Basi dada apime mlango wake kwanza, kabla ya kutazama rangi.

Umri wa mdogo: mtoto ambaye hajakaza shingo hawekwi kwenye kiti cha kukaa wima. Anahitaji kulala chali, na hilo linaendelea mpaka karibu miezi 6. Vigari vingi vyepesi havina kiti kinacholala kabisa. Kwa mama wa namna hiyo iko njia ya bei ndogo: mdogo afungwe kitenge mwilini mwa mama, mkubwa akae katika kigari cha mtoto mmoja. Hapo Mboko na Marekani vinasaidiana, wala hakuna aliyetupwa.

Kukunja: ajaribu dukani akiwa amebeba mtoto mkono mmoja. Kama hawezi kukikunja hivyo, siku ya basi na mvua kitamwaibisha. Aangalie mikanda na breki. Na asitundike mifuko mizito kwenye mpini, sababu mtoto mmoja akishuka kigari kinaanguka nyuma pamoja na yule aliyebaki.

Hayo ni mashauri ya kawaida, hayaharibu utamaduni wa mtu. Sasa turudi kwetu.

Mila yenyewe ilisemaje?

Kundi la pili linapenda kusema "mila, mila". Haya, tufungue mila. Je, wazee walikuwa na dawa gani ya watoto wawili wadogo kwa mama mmoja?

Dawa ya kwanza ilikuwa kutowaleta karibu karibu. Mama aliyenyonyesha hakurudi upesi kwa bwana wake. Mtoto aliachishwa ziwa akiwa anatembea, anakula ugali, anaweza kutumwa kuleta kijiko. Aliyepata mimba wakati mtoto wake bado anatambaa alionekana amekosea, na mwanaume ndiye aliyesemwa zaidi. Wenye kuandika historia wametuonyesha kwamba ni wakoloni Wabelgiji walioiona desturi hiyo kuwa kasoro. Waliogopa watu wa Kongo wanapungua na kazi zitakosa mikono. Kwa hiyo katika vituo vyao vya kupima watoto na kugawa maziwa, moja ya nia ilikuwa kufupisha muda wa kunyonyesha ili wamama wazae upesi. Kisha miaka ikapita, na mwaka 2005 wataalamu walioitwa na OMS wakashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ni kama maneno ya nyanya zetu, isipokuwa yamepigwa muhuri.

Basi anayezaa kila mwaka halafu anasema anafuata mila, hajui mila ya nani.

Dawa ya pili ilikuwa migongo mingi. Mapacha hawapangwi, wanakuja wenyewe, na kwa watu wengi wa Kongo na jirani zetu wanapewa majina yao maalum. Waluba wa Kasai wanasema Mbuyi na Kabanga. Wakongo wa upande wa bahari wanasema Nsimba na Nzuzi. Warundi, ng'ambo ya ziwa, wanasema Bukuru na Butoyi, na majina hayo tunayasikia hata katika vijiji vyetu. Jina maalum lina kazi yake: linautangazia mji mzima kwamba katika nyumba hii mzigo ni wa watu wawili, njooni. Shangazi anakuja, mama mdogo anakuja, nyanya anahamia. Hakuna mila tunayoijua iliyosema mama abebe wote wawili peke yake na huku analima.

Tuliona hilo kwa macho katika siku mbaya. Mwaka 1996, na tena 1998, watu walipokimbia kwenda milimani na ziwani, hakuna aliyekimbia na kigari. Watoto waliokolewa na migongo. Mama alibeba mdogo; na yule wa pili alibebwa na mjomba, na babu, na jirani ambaye hakuwa hata wa ukoo. Siku zile hakuna aliyeuliza kama kubeba mtoto ni kazi ya mwanamke. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Siku zile tuliona kwamba hata haumwokoi.

Yule mtu ambaye hamumwoni

Sasa tumfikie mtu tuliyeahidi. Kundi la kigari na kundi la kitenge wanabishana juu ya chombo. Sisi tunauliza jambo lingine: leo, hapa Mboko, siku ya kawaida, mtoto wa pili anabebwa na nani?

Jibu tunalijua wote. Anabebwa na msichana wa miaka 9 au 10. Dada yake.

Tazameni asubuhi, wakati wenzake wanapanga mstari wa bendera. Yeye yuko kando ya ziwa na mtoto mgongoni, anaosha sahani. Au yuko sokoni karibu na mama anayeuza ndagala. Au amekuja masomo saa ya pili, mtoto amemfunga kitenge, anakaa kwenye benchi la nyuma. Mtoto akilia, anatoka nje. Akirudi, hesabu imeshafutwa ubaoni. Kuna walimu wanaomrudisha nyumbani kabisa: "Hapa si pa kulelea watoto." Nyumbani hakuna anayemuuliza alijifunza nini. Wanamuuliza mtoto alikula.

Sisi tunaofundisha sekondari tunaona mwisho wa hadithi hiyo. Tunahesabu wavulana na wasichana wanaoingia, halafu tunahesabu wanaobaki hadi mwaka wa mwisho. Watu wanasema, wasichana wa kwetu hawana akili ya hesabu. Si kweli. Hesabu ilifundishwa siku ambayo yeye alikuwa nje anatuliza mtoto.

Tuseme uzito pia. Kwa vipimo vya OMS, msichana wa miaka 10 aliyelishwa vizuri ana kama kilo 32. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama kilo 9. Yaani huyu msichana anabeba zaidi ya robo ya mwili wake, na wasichana wetu wengi hawafiki hizo kilo 32. Mwanaume wa kilo 70 angebeba kwa kipimo hicho hicho kilo karibu 20, asubuhi hadi jioni, bila kutua, tena akicheza kamba. Nani angekubali?

Iko neno moja katika Kiswahili chetu linalotusuta. Hapa kwetu yaya ni ndugu mkubwa, kaka au dada, mtu wa heshima. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, yaya ni mtumishi anayelipwa kulea watoto. Tumejiweka wapi sisi? Tunamwita msichana kwa heshima ya Kongo na kumtumikisha kwa kazi ya pwani, na mshahara wa pwani hatumpi.

Sheria ilishasema. Katiba ya 18 Februari 2006, sehemu ya 43, inasema shule ya msingi ni lazima, na ni bure katika shule za serkali. Tarehe 10 Januari 2009 ikatoka sheria ya kulinda mtoto. Mwezi wa tisa 2019 elimu bila malipo ikaanza kutumika katika shule za msingi za serkali, na madarasa yakajaa. Ni jambo jema. Lakini serkali iliondoa minervali. Haikuondoa mtoto mgongoni mwa dada yake. Hiyo si kazi ya Kinshasa. Ni kazi yetu.

Wanaotupinga watasema: "Mwalimu, msichana anajifunza kuwa mama. Ninyi mlisoma sana, mnataka kuvunja malezi." Tunajibu: kubeba mdogo wako saa moja jioni, huku mama anapika sombe, ni kujifunza, na tunakupenda zaidi kwa hilo. Kubeba asubuhi yote, siku tano za masomo, mwaka mzima, hilo si kujifunza tena, ni kuibiwa. Na kama ni masomo ya uzazi, mbona kaka yake hayafuati? Yeye hatakuwa baba?

Mgongo wa baba

Hapa ndipo wengine watakunja uso, lakini tutasema.

Katika Mboko kuna migongo mikubwa, yenye nguvu, ambayo haina mtoto. Mwanaume anabeba gunia la mihogo kutoka mlimani, hakuna anayemcheka. Anabeba injini ya mtumbwi mabegani kutoka ziwani, watu wanamsifu. Lakini kilo 9 za mtoto wake mwenyewe, zinamshinda. Juu ya nini? Atasema, ni mila.

Haya, tuipime hiyo mila. Mwanaume yule yule aliyekataa kubeba mtoto hapa, akifika Marekani, mwaka haujaisha tunapokea picha yake kwenye simu: anasukuma kigari cha watoto wawili, amevaa koti, anacheka meno yote. Damu yake haikubadilika ndani ya ndege. Ukoo wake ni ule ule. Kitu kimoja tu kimebadilika: kule hakuna wa kumcheka.

Kwa hiyo kinachomzuia mwanaume wa Mboko si mila. Ni kicheko. Kicheko cha vijana wanaokaa kando ya barabara, na, tuseme wazi, kicheko cha wamama pia, wanaosema "amerogwa na bibi yake". Kicheko hakikuachwa na mababu. Sisi wenyewe tunakitengeneza kila siku, na siku tukitaka kukiacha tutakiacha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayecheka ni yule ambaye mzigo anauona mwepesi, sababu haujakaa mgongoni mwake.

Tunaomba nini

Hatuandiki ili watu wasome na kufunga kijitabu. Tunaleta mambo manne, na tunaomba yazungumzwe katika familia, kanisani, msikitini na katika mikutano ya ushirika wetu.

La kwanza: mtoto akizaliwa, tunapeleka sabuni, kitenge na unga. Tuongeze zawadi ya siku. Shangazi aseme, "Jumatatu ni yangu." Nyanya aseme, "Mimi Jumatano." Jirani achukue asubuhi moja. Hiyo ndiyo mila ya mapacha tuliyoisema juu, tunaifufua kwa kila mama mwenye watoto wawili wadogo. Mapacha wapewe siku nyingi zaidi.

La pili: kengele ya masomo iwe mwiko. Kabla ya kengele na baada ya kengele, msichana amsaidie mama yake, na kaka yake vile vile, kwa zamu. Kati ya kengele mbili, mtoto asionekane mgongoni mwa mwanafunzi. Atakayemwona msichana wa shule na mtoto mgongoni saa ya masomo, asiulize "mama yako yuko wapi?" Aulize pia "baba yako yuko wapi?"

La tatu: wababa waanze, na waanze wale wanaoheshimiwa. Mchungaji, shehe, mwalimu, chifu wa kijiji, wabebe watoto wao wakitoka ibada, mchana, watu wakitazama. Kijana akiona mzee amefunga kitenge, kicheko kitamkauka mdomoni. Nasi wanaume tunaofundisha tumo katika hesabu hiyo.

La nne ni kwa ndugu zetu wa nje. Tunawapenda, na mioyo yenu tunaijua. Kigari cha watoto wawili mkitumie huko huko, ambako njia inakikubali, na tumeshawaambia namna ya kukichagua. Msitutumie kimoja kwa meli. Kitafika Mboko, kitasukumwa siku mbili kwa maringo, siku ya tatu gurudumu litabaki mchangani, na mwisho wake kitabeba mabidoni ya maji. Kigari cha namna hiyo huko kinaweza kufika dola 150 au 200. Pigeni hesabu: pesa hiyo ni minervali ya sekondari, ambayo wazazi bado wanalipa, ya msichana yule aliyekuwa anabeba mtoto. Mtumieni yeye. Na mkituma, ongezeni sharti moja: kwamba asubuhi mgongo wake ubaki mtupu, ubebe mfuko wa madaftari tu.

Tunamaliza. Anayetaka kigari, achukue kigari, kama ana barabara. Anayetaka kitenge, afunge kitenge, wala asione haya mbele ya mtu. Lakini ukiwa na watoto wawili, usituambie kwanza umechagua chombo gani. Tuambie mtoto wa pili yuko kwa nani. Ukisema yuko kwa baba, kwa shangazi, kwa nyanya, kwa jirani, tutajua kwamba mila bado ni nzima Mboko. Ukisema yuko kwa msichana wa darasa la nne, na sasa ni saa nne asubuhi, basi usitaje mila mbele yetu.